Fundi cherehani wa Mwanjelwa na laki nne na nusu za kunyooshwa viungo: hesabu nzima ilivyokwenda

Huyu dada ni fundi cherehani hapa Mbeya, fremu yake iko pande za Mwanjelwa, ana miaka 43 na amekaa kwenye cherehani ya kukanyaga zaidi ya nusu ya maisha yake. Amekubali niandike kisa chake ila jina tuliache, mimi nitamuita Fundi kama tunavyomuita wote. Nimeamua kukiandika kirefu kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu kunyooshwa wanauliza swali moja tu, "kipindi kimoja bei gani?", afu wanaondoka na hiyo bei kichwani wakidhani wameshapata gharama. Bei ya kipindi ni kipande kidogo sana cha hesabu, na kwa Fundi ingemtia kwenye deni.

Hali yake ilikuwa hivi. Shingo imekaza upande wa kushoto, akitaka kuangalia nyuma inabidi azungushe mwili mzima, nyonga zinagoma akiinuka baada ya kukaa muda mrefu, na akiinama kuokota kitambaa chini anahisi nyuma ya mapaja kama kuna kitu kinavuta. Kwanza alienda hospitali, na hili nalisisitiza kabla sijagusa hela yoyote. Akapimwa, akaambiwa mishipa ya fahamu haina shida, mgongo uko sawa, misuli imekaza na imechoka, afanye mazoezi na kunyoosha. Kama angekuwa na ganzi sehemu za siri, au mguu unaishiwa nguvu, au anashindwa kuzuia mkojo, au maumivu yamekuja na homa au kukonda bila sababu, au yameanza baada ya kuanguka, hapo hakuna habari za kunyooshwa na mtu wa mtaani, ni hospitali na haraka. Na kama una bima, uliza kwanza kama inagusa fiziotherapia, manake kuna watu wanalipa mfukoni kitu ambacho kadi yao ingekibeba.

Baada ya hospitali akapita sehemu moja wanayofanya kazi ya kunyoosha watu. Wakampa ofa: vipindi 12, kila kimoja 25,000, jumla laki tatu, ila ukilipa yote mkononi leo inakuwa 270,000. Masharti ni uvimalize ndani ya wiki 6, usipomaliza vinakufa. Na ili "mwili usirudi nyuma" wakamshauri anunue seti ya vifaa pale pale: mkeka wa mazoezi 45,000, rola ya kujibingirishia 65,000, mipira ya kuvuta 40,000, na mkanda wa kunyooshea miguu wenye vishikizo 35,000. Vifaa 185,000. Ukijumlisha na vipindi ni 455,000.

Mimi nimeingia hapo kwa sababu tuko naye kikoba kimoja na mimi nafundisha mazoezi, kwahiyo alipoleta ombi la mkopo wa 455,000 wanachama wakaniangalia mimi. Nikamuomba tukae pembeni kabla halijapitishwa, akanijibu kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, mimi nataka nilipe yaishe, nimechoka kuumwa." Na nilimuelewa, mtu anayeumwa kila siku hana hamu ya kupiga mahesabu. Nikamwambia dada, hela ni yako na mwili ni wako, naomba jioni moja tu na daftari lako.

Tukaanza na kipato. Mwezi wa kawaida, akishatoa uzi, lining, zipu na vifungo, anabaki na kama 380,000. Fremu 70,000, hisa za kikoba 40,000, chakula na mambo ya watoto shule 210,000. Zinabaki 60,000. Hiyo 60,000 ndo ukubwa wote wa bajeti, hakuna nyingine iliyojificha. Mkopo wa kikoba riba ni asilimia 10, unarudishwa miezi mitatu, maana yake 455,000 inakuwa 500,500, yaani kama 167,000 kila mwezi. Mtu mwenye 60,000 analipaje 167,000? Atakata kwenye chakula au atachelewesha fremu, afu usiku halali anawaza deni na hayo mabega tunayotaka yalegee yanapanda masikioni.

Afu kuna gharama ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi ya ofa. Nauli kwenda na kurudi 2,000, mara 12 ni 24,000. Na muda. Kipindi ni dakika 45 lakini ukiweka kwenda, kusubiri na kurudi ni masaa mawili, na Fundi akiwa na kazi mezani masaa mawili ni kama 8,000 ya ufundi. Mara 12 ni 96,000. Weka pamoja: 270,000 na 185,000 na 24,000 na 96,000 inafika 575,000, na riba ya 45,500 juu yake ni 620,500. Aliponiona naandika ile namba akaichukua kalamu akajumlisha upya mwenyewe, taratibu, mstari kwa mstari, ikatoka ile ile.

Sasa hapa ndo penye kiini, na ni kitu kinachowahusu wote wanaoishi kwa misimu huku kwetu. Fundi ana msimu wa hela na msimu wa muda, na hiyo misimu haikutani. Januari ni sare za shule, hana hata dakika ya kula. Machi hadi Mei, masika ikielekea kuisha, wateja wachache, wakulima wameshamaliza hela kwenye mbolea wanasubiri mahindi, kwahiyo ana muda lakini mfuko mtupu. Kuanzia Julai mavuno yameingia, harusi na vipaimara vinaanza, hela inakuja na muda unapotea. Ile ofa ya wiki 6 ilikuwa inamtaka alipe hela ya Julai kwa muda wa Aprili, na haikuwa na nafasi yoyote ya kusubiri. Mtu wa mshahara anaweza kuishi na ofa ya namna hiyo, kwa Fundi haikai. Kwahiyo kabla ya kuuliza "shilingi ngapi" nikamwambia tuulize "lini".

Tukaangalia na mwili wenyewe unavyofanya kazi, manake bajeti lazima ifuate hilo. Misuli hairefuki kwa kuvutwa siku moja. Kinachobadilika mwanzoni, na kwa sehemu kubwa hata baada ya wiki kadhaa, ni uvumilivu, yaani mfumo wa fahamu unazoea kwamba hapo panafikika bila hatari, unaacha kukaza breki mapema. Na kuzoea kunataka kurudiarudia. Mwongozo wa chuo cha Marekani cha tiba ya michezo, ACSM, wa 2011, unasema shikilia sekunde 10 hadi 30, rudia mara 2 hadi 4 mpaka ifike kama sekunde 60 kwa kila zoezi, angalau siku 2 au 3 kwa wiki, na ukifanya karibu kila siku ni bora zaidi. Mapitio ya tafiti ya 2018 yakaja na picha inayofanana na hiyo, kama dakika 5 kwa wiki kwa kila msuli, zikigawanywa kwenye siku nyingi. Dakika moja kwa siku, siku tano. Hiyo haihitaji mtu mwingine juu yako na haihitaji 25,000.

Sasa mbona ulipie mikono ya mtu kabisa? Kwa sababu kuna vitu viwili huwezi kujipa mwenyewe mwanzoni. Cha kwanza ni jicho, mtu anayekuona nyonga imegeuka au kiuno kimejikunja, unadhani unanyoosha paja kumbe unavuta mgongo. Cha pili ni ile mbinu ya kusukuma na kuachia: umelala chali, mguu juu, unamsukuma anayekushika kama sekunde 5 bila kutumia nguvu zote, unaachia, anakupeleka mbele kidogo anakushikilia sekunde 20 au 30. Ukishaipata kwa mtu mara mbili tatu unaweza kuifanya kwa mkanda nyumbani, wewe ndo unausukuma, wewe ndo unauachia. Ndo maana naona vipindi vinunuliwe kama masomo, na somo ukishalijua unarudi baadae kukaguliwa tu, hukai darasani miezi yote ukirudia somo lile lile kwa bei ile ile.

Akarudi kwa wale wale (ni watu wazuri kazini, tatizo lilikuwa ofa yao na kipato chake, basi) akauliza kama anaweza kulipa kimoja kimoja. Wakakubali, bila punguzo. Watu wengi wanaogopa kuuliza hivo wakidhani ofa ni sheria. Akauliza pia mambo ambayo nilimwandikia nyuma ya risiti: atafundishwa cha kufanya nyumbani au atanyooshwa tu? Anaweza kuja na mtu akae aangalie? Akiumwa au akipata dharura kipindi kinahama? Na akisema "basi", mkono unaacha pale pale? Hilo la mwisho kwangu ni la kwanza. Anayekunyoosha lazima akuulize unahisije muda wote, na wewe uwe unaweza kuongea na kupumua kawaida, ukishaanza kushikilia pumzi umepita. Mvuto sawa, maumivu makali au ganzi inayoshuka mkononi au mguuni hapana, unaacha.

Vifaa navyo tukavipitia kimoja kimoja, na hapa ndo nilifurahi kuliko sehemu zote kwa sababu Fundi aligeuka yeye mwalimu.

Ule mkanda wa 35,000 aliushika pale dukani akaugeuza akaangalia mishono. Aliporudi akaniambia ule ni mkanda wa begi tu, pande mbili zimelaliana, upande wa juu umeachiwa ulegee kila baada ya hatua ili vitokee vitanzi vya kushika, afu kila maungio ya kitanzi yameshonwa mraba wenye msalaba katikati kama wanavyoshona mikono ya mabegi. Akanunua mita 4 za mkanda mnene, kila mita shilingi 1,000, akashona jioni moja, vitanzi 10, vingine vipana kwa ajili ya mguu na vingine vyembamba vya mkono. Tuliuvuta watu wawili, mmoja huku mmoja kule, haukutoa hata uzi. Gharama 4,000.

Rola tuliiacha. Siyo mbaya, inaweza kumpa mtu nafuu ya muda, lakini 65,000 kwa nafuu ya muda wakati bajeti ya mwezi ni 60,000 siwezi kuitetea. Mpira wa tenisi wa 3,000 ukiuweka kati ya bega na ukuta ukaegemea unafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo angeitaka kule juu ya bega. Mipira ya kuvuta nayo tukaisogeza mbele, siyo kuifuta, manake mabega yake yatahitaji nguvu pia na siyo kunyooshwa tu, ila kwa kuanzia nguo nzito kwenye mfuko inatosha kuinua. Mto wa kuwekea chini ya magoti akaushona akaujaza vipande vya vitambaa vinavyobaki, ambavyo huwa vinajaa gunia zima pale fremu.

Mkeka, hapo nilimpinga. Yeye alitaka atandike kitenge sakafuni aokoe hela, mimi nikasema hapana, hiki nunua. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Juni na Julai asubuhi sakafu ya saruji inakata mpaka kwenye mifupa, na misuli yenye baridi haikubali kitu. Mtu atafanya siku tatu, siku ya nne atasema kesho. Akaupata mzuri, mnene, umetumika kidogo, soko la Sido kwa 28,000. Na kabla ya kulala juu yake anatembea dakika kadhaa au anafanya baada ya kuoga maji ya moto, ajipashe kwanza.

Kitu kilichosaidia sana hakikuwa hata kwenye orodha ya mtu yeyote. Stuli yake. Ilikuwa fupi, magoti yako juu kuliko nyonga, na meza ya cherehani inamlazimisha ainame shingo mbele siku nzima. Ukinyoosha dakika 12 halafu ukae masaa 9 kwenye kitu kinachokukunja, dakika 12 haziwezi kushinda. Seremala jirani alitaka 10,000 kuiongezea miguu na kuipa mlalo kidogo mbele, Fundi akamrekebishia suruali mbili, wakamalizana bila hela. Na tukakubaliana kila akimaliza nguo moja anasimama, anazungusha mabega, anakunywa maji, anarudi.

Mpango wa hela ukawa hivi. Aprili vipindi viwili, wiki ya kwanza na ya pili ili mbinu isipotee kichwani, na nauli zake, 54,000, na mkanda 4,000, jumla 58,000. Mei kipindi kimoja na nauli 27,000, mkeka 28,000, mpira 3,000, jumla 58,000 tena. Juni kipindi kimoja cha ukaguzi, 27,000. Zote ni 143,000 ndani ya miezi mitatu, haikuvuka 60,000 mwezi wowote na hakukopa shilingi. Vipindi vyote viliwekwa Jumanne asubuhi, siku ambayo masika huwa pale fremu wanapiga stori tu, kwahiyo ule muda wa 8,000 haukumuuma kama ambavyo ungemuuma Julai. Aprili yote alitumia blanketi lililokunjwa mara nne badala ya mkeka, ilitosha.

Kipindi cha pili alienda na yule binti anayejifunza kwake ushonaji. Akakaa pembeni akaangalia namna ya kushika kisigino na goti, namna ya kusubiri mtu atoe pumzi kwanza ndo unasogeza. Siku hizi wanafungua fremu asubuhi, binti anamshika mguu kulia na kushoto, inachukua dakika chache wameshamaliza, kisha zamu ya binti. Shingo hawagusani, hilo nimewakataza kabisa, shingo Fundi anaifanya mwenyewe taratibu, amekaa wima, anashusha sikio kuelekea bega bila kujivuta kwa mkono. Wiki ya tatu alijaribu kujivuta kwa nguvu kwa sababu aliona haiendi, akapata vichomi mpaka kwenye kiwiko, tukasimamisha shingo siku kadhaa mpaka vikaisha, afu akaanza tena polepole. Kutaka matokeo ya haraka kunaharibu zaidi hata ya kutofanya.

Vipimo alijipimia mwenyewe na tepu yake. Ana daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, hipsi, urefu, na katikati ya kurasa hizo kuna ukurasa ameandika "MIMI". Anakaa sakafuni miguu imenyooka, ananyoosha mikono, binti anapima kutoka ncha ya kidole mpaka kidole gumba cha mguu. Mwanzoni mwa Aprili ilikuwa sentimita 19 pungufu. Mwisho wa Juni, 8. Anaangalia nyuma akivuka barabara pale Kabwe bila kugeuza mwili wote. Nyonga asubuhi bado zinagoma siku za baridi kali lakini zinaachia haraka. Bega la kushoto juu bado, na nadhani ni kwa sababu ya mkono unaoshikilia kitambaa, hapo tunahitaji kuongeza nguvu na siyo kunyoosha zaidi, kwahiyo mipira ya kuvuta sasa imepata zamu yake.

Kwenye ile miezi mitatu alitenga 180,000 akatumia 143,000, zimebaki 37,000, na tumezitenga kwenye bahasha yake kikoba. Hela ya Julai na Agosti ikiingia ataongezea ifike 94,000: mipira ya 40,000, na vipindi viwili na nauli 54,000 vya Novemba, kabla oda za sare hazijaanza kumiminika na kabla ya ile miezi ambayo atakaa kwenye stuli toka alfajiri. Wale jamaa wameshakubali kumwekea Jumanne mbili za Novemba bila malipo ya awali, analipa siku akifika.